Miguu isiyotulia: nilivyoweza kutulia ndani ya mashine ya MRI

Kwa miaka kumi na miwili sikuwahi kukaa jioni nikastarehe. Nikinyoosha tu miguu kitandani, mambo yanaanza: kama wadudu wanaotambaa ndani kabisa ya muundi, huku nikisukumwa kuisogeza miguu, nitake nisitake. Nikitembea napata nafuu, nikilala yanarudi. Mara ngapi mume wangu amenikuta saa nane usiku nazunguka sebuleni, mkono ukutani, macho yamefumba kwa usingizi.

Nilikoenda kwanza niliambiwa ni mawazo. Nikapewa dawa ya mzio inayoleta usingizi, na usiku ule miguu ilinitesa kuliko siku zote. Baadaye nikajua kwamba dawa za mzio za aina hiyo huuchochea ugonjwa huu. Inaniuma mpaka leo, maana swali moja tu, "ukitembea unapata nafuu?", lingeokoa miaka.

Daktari wa tatu aliliuliza. Akanitajia ugonjwa wa miguu isiyotulia, ule ambao daktari Karl-Axel Ekbom wa Sweden aliueleza kwa kina mwaka 1945. Akaagiza kipimo cha feritini, yaani akiba ya madini ya chuma mwilini. Wingi wa damu yangu ulikuwa sawa, ndiyo maana hakuna aliyewahi kushtuka. Feritini ilikuwa nanogramu 21 kwa mililita. Kwa wenye ugonjwa huu, wataalamu hushauri kuongeza chuma hata feritini ikiwa 75.

Yeye ndiye aliyenielekeza kwa watafiti waliokuwa wakipiga picha za ubongo. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, kwamba wagonjwa kama mimi wana chuma pungufu katika substansia nigra, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, upande wa chini. Chuma hicho kinahitajika kutengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Na damu inaweza kuwa na chuma cha kutosha huku ubongo una njaa.

Nilikubali kupigwa picha hizo, kisha nikaingiwa na hofu. Dakika 45 bila kusogea! Kwa mtu mwenye miguu kama yangu hiyo ni adhabu.

Niliomba miadi ya asubuhi, kwa sababu asubuhi ndipo dalili hupungua. Sikunywa kahawa tangu jana yake. Nikatembea ukumbini hadi dakika ya mwisho, nikasugua miguu kwa nguvu, kisha nikamweleza mhudumu shida yangu waziwazi. Hilo la mwisho ndilo lililosaidia zaidi. Alikubali kuniambia kila picha itachukua dakika ngapi, na kati ya picha na picha nikunje vidole vya miguu, kichwa kisisogee. Mashine ikigonga, mimi nilikuwa nahesabu kutoka 1000 kurudi nyuma, nikitoa saba saba. Akili ikishughulika, miguu husahau kidogo. Nilipofika 600 na ushee mguu wa kushoto uliruka wenyewe. "Mama, umesogea, turudie hiyo." Tukarudia.

Baadaye mtafiti alinionyesha picha. Penye chuma kingi huonekana peusi zaidi, na substansia nigra ilikaa pale katikati kama nyusi mbili. Nilitaka aniambie zangu zimepauka. Akakataa kwa upole: tofauti huonekana wakilinganishwa watu wengi, picha ya mtu mmoja haithibitishi ugonjwa. Kuhusu umbo la ubongo alikuwa mwangalifu zaidi, kwani tafiti nyingine zimekuta sehemu zilizopungua, nyingine zilizoongezeka, nyingine hazikukuta kitu. Nilimheshimu kwa kutonidanganya.

Kwa hiyo kilichonitibu si picha. Nilimeza vidonge vya chuma kila baada ya siku moja, tumbo tupu, pamoja na vitamini C, mbali na chai. Miezi mitatu feritini ikafika 48, nami sikuona tofauti kubwa; nilikaribia kuacha. Mwezi wa sita ilikuwa 83. Usianze bila kupima, kwani chuma kikizidi huharibu ini, na usipime ukiwa na homa, maana feritini hupanda mwili unapopambana na maambukizi na kukudanganya.

Miguu bado hunisumbua usiku mmoja mmoja, hasa nikisafiri safari ndefu. Lakini juzi mume wangu aliamka saa nane, akapapasa kitandani kwa mazoea, akanikuta nipo.