Najifunza kutengeneza websaiti huku nauza dukani

Ndugu mmoja kaniuliza aanze na kozi gani ya kutengeneza websaiti, ngoja nimsimulie yangu. Mwaka jana nililipa laki tatu kwa kozi ya jioni ya kutengeneza websaiti, chuo sitakitaja. Vipindi vinaanza saa kumi na moja na nusu, na mimi duka la vifaa vya ujenzi tunafunga saa kumi na mbili, hapo bado kuhesabu mauzo, kwahiyo mwezi mzima nikahudhuria mara nne tu na hela haikurudi. Iliniuma sana.

Nikajiapiza sitoi tena shilingi mpaka cha bure kinishinde. Na kumbe cha bure kipo jamani, tena kizuri. Nilianza na freeCodeCamp, tovuti ya kujifunza bure, unasoma kipande kidogo unaandika mwenyewe palepale, HTML na CSS, yaani lugha za kupanga na kupamba ukurasa, nimezielewa pale. Halafu nikahamia The Odin Project, kozi nyingine ya bure ya mtandaoni, hii ni ngumu na haikubembelezi, yenyewe haitaki Windows ya kawaida kwahiyo ikabidi niweke Xubuntu, mfumo mwepesi wa bure wa kuendesha kompyuta, na kilaptopu changu cha mtumba chenye RAM ya GB 4 kikawa chepesi kuliko nilivyokinunua.

Kinachokula hela ni bando. Video nashusha na bando la usiku, na maelezo ya lugha hizi nasoma kwenye DevDocs, tovuti inayoyakusanya pamoja, unachagua unachotaka, unakihifadhi kwenye simu ukiwa na mtandao, baada ya hapo kinafunguka hata bila bando. Mambo ya flexbox, njia ya CSS ya kupanga vitu kwenye ukurasa, karibu yote nimeyasoma nimesimama kwenye daladala ya Mbagala, mkono mmoja bombani. Kuandika naandika alfajiri, saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili kasoro, maana usiku nikirudi kichwa hakishiki kitu.

Ila kilichonifundisha kweli ni kikokotoo cha dukani. Mteja anauliza saruji mifuko kumi na usafiri mpaka Kigamboni jumla shingapi, nikataka simu ijibu. Nikaweka 170000 ya saruji kwenye kisanduku cha kwanza cha ukurasa niliouandika, 25000 ya usafiri cha pili, nikabonyeza, ikaja 17000025000. Nimehangaika alfajiri mbili nzima! Kumbe JavaScript, lugha inayofanya ukurasa uhesabu, chochote ulichoandika kwenye kisanduku inakichukua kama maandishi, na alama ya kujumlisha kwenye maandishi inayaunganisha tu, mpaka uzungushie Number() ndio inajua hii ni namba. Ilipotokea 195000 nilimuamsha mke wangu aione.

Websaiti ya kikokotoo nimeiweka GitHub Pages, sehemu ya kuweka websaiti mtandaoni, kuhifadhi pale ni bure, na dada wa kaunta anaifungua kwenye simu yake kila siku. Kwahiyo ndugu yangu unayeniuliza uanze na kozi gani, tafuta kwanza kitu cha kazini kwako kinachokusumbua, kozi itafuata. Dada sasa anataka niongeze mabati, na mabati bei inabadilika kwa geji (unene wa bati) na urefu, nimeanza jana na bado haijakubali.