Mafuta Yaliyozama

Likizo ya Disemba nilipokuwa kidato cha pili, maalim wetu wa kemia alitutaka wanafunzi wa klabu ya sayansi tuje skuli kila mmoja na mfuko wa makonyo. Tulidhani anatufanyia mzaha. Makonyo kwetu Pemba ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, na ingawa sote tulijua kwamba Kiwanda cha Makonyo cha Wawi, pale Chake Chake, huvitoa mafuta, hakuna aliyewahi kujiuliza hutokaje.

Maabara yetu haikuwa na chombo cha kukenekea, yaani cha kuchemshia kitu na kuupoza mvuke wake uwe maji tena. Maalim alitoboa mfuniko wa sufuria kubwa, akachomeka bomba jembamba la shaba alilolipata kwa fundi wa mafriji, akalipitisha ndani ya ndoo ya maji ya kisima, kisha akaziba ukingo wote kwa donge la unga wa ngano, kama wafungavyo wapishi wa biriani. Kazi yangu ilikuwa kuziba upya kila mvuke ulipopenya, nami niliungua vidole mara mbili.

Baada ya saa nzima ya moto wa makumbi, chupa ilikuwa na maji meupe kama tui la pili, yenye harufu kali ya karafuu. Tuliinama kutafuta mafuta juu, maana tangu utotoni tumeyaona yakielea kwenye mchuzi. Hapakuwa na kitu. Nikaona tumeshindwa, nikaiinamisha chupa ili nimwage, na maji yalikwisha kugusa mchanga maalim aliponishika mkono.

“Tazama chini, mwanangu.”

Chini kabisa matone ya manjano yalikuwa yakiviringika na kuungana. Maalim alichukua kijiti akatuandikia mchangani: mililita moja ya maji ni gramu 1, ya yujeno, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, ni kama gramu 1.06. Yujeno peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 za Selsiasi, lakini ikichemshwa pamoja na maji huchukuliwa na mvuke kabla ya kufika nyuzi 100. Nambari hizo sikuzisahau tena, na sidhani kama ningezikumbuka lau tungeziona ubaoni tu.

Tulipata mafuta yasiyojaza hata kizibo cha soda. Nilimpelekea bibi tone moja kwenye pamba, kwa ajili ya jino lake lililokuwa likimsumbua. Alilinusa, akacheka, akaniuliza imekuwaje tuchome makumbi mchana kutwa ilhali karafuu zimejaa kabatini.