Nathi: acha kuchuma, okota

Siku hizi nathi (gooseberry, yale matunda madogo ya duara yanayokaa ndani ya ganda) ziko hadi supa, zimepangwa kwa kaboksi ka plastiki na bei ya kushtua, na huku Nyeri zinajiotea tu kando ya ua wa shamba watoto wanamaliza wakitoka shule. Waganda wanaziita ntuntunu. Asili yake si huku lakini, ni milima ya Andes, Peru na Kolombia huko, na mpaka leo Kolombia ndio inauza nyingi sana nje.

Sasa shida yangu na za supa ni moja, nyingi zinachumwa mapema. Nathi ukiikuta bado kijani achana nayo kabisa, hii ni familia moja na mnavu na viazi, mbichi ina sumu na majani pia usijaribu. Ngoja ganda likauke liwe kama karatasi ya sigara, tunda ligeuke rangi ya machungwa, halafu litaanguka lenyewe. Hapo ndio unaokota. Na usilimenye kama huli saa hiyo, likibaki na ganda lake kavu mahali penye hewa linaweza kukaa hata mwezi bila friji.

Wengi wanakula hivyo hivyo, au wanatupia kwa saladi, sawa tu, lakini mimi naona kazi yake haswa ni jamu. Ina pektini, ile kitu inayogandisha jamu, ya kutosha yenyewe so huhitaji kununua ile ya unga. Menya kilo moja, osha vizuri juu huwa na kautomvu kanata, weka kwa sufuria na maji kidogo tu, zikianza kupasuka ziponde na mwiko, tia sukari kama nusu kilo na limau moja, koroga moto mdogo usitoke hapo jikoni maana inashika chini haraka. Kujua imeiva weka tone kwa sahani baridi ulisukume na kidole, likijikunja zima moto. Hizo mbegu usihangaike kuchuja, zinaliwa.

Wamexico wana ndugu yake, tomatillo, hiyo wao wanaipika sosi ya kijani na pilipili.

Ukitaka kupanda toa mbegu kwa tunda lililoiva, osha, kausha kivulini, uanzie kitaluni kama nyanya. Ila usipeleke pale viazi vyako vilipokufa na mnyauko, ugonjwa unabaki kwa udongo na nathi pia zinashikwa.