Nilivyopiga hesabu za boda kwa Python kwenye simu

Mimi ni bodaboda, kijiwe changu Magomeni, na programu hii nimeiandika kwenye simu yenye kioo kilichopasuka kwahiyo msije mkadhani nina laptop. Chanzo ni bosi. Nilikua nampelekea hesabu buku saba kwa siku, siku moja akaniita akaniambia dogo nikupe mkataba, lete elfu kumi na mbili kila siku, mwaka ukiisha chombo chako. Kijiweni wote wakasema chukua hiyo. Mimi nina daftari, kila jioni naandika nilichoingiza, nikasema ngoja kwanza nijue kwa siku napata ngapi kwa wastani.

Kalkuleta ingetosha, sikatai. Ila nina abiria mmoja mwanachuo, nampeleka asubuhi, akaniona nakokotoa akaniambia braza weka Pydroid (ni app ya kuandikia Python kwenye simu) ujifunze Python, lugha ya kuandikia programu, utaandika mara moja utaitumia kila wiki. Akanielekeza kama dakika kumi hivi juu ya pikipiki, mengine nikahangaika nayo mwenyewe usiku.

Kodi yenyewe (sio ya nyumba wala ya TRA, ni yale maandishi ya programu) ilikua fupi. Unaanza na listi tupu, mapato = [], alafu lupu, yani kitu kinachojirudia, ya mara saba, for i in range(7): na ndani yake x = input("Umeingiza ngapi? ") kisha mapato.append(x), yani ongeza x kwenye listi. Kwenye simu kinachoua ni ile nukta mbili ya mwisho wa for, ukiisahau haiendi, na mistari ya ndani lazima isogezwe mbele yote sawasawa. Nilikaa na hilo tu karibu saa nzima.

Ikakubali. Nikaingiza wiki yangu: Jumatatu 18000, Jumanne 9500, Jumatano 22000, Alhamisi 7000 mana mvua ilipiga na Jangwani hapapitiki, Ijumaa 25500, Jumamosi 68000, Jumapili 11000. Nikaandika mapato.sort() ili ipange kuanzia ndogo, nikaprint. Ikaja 11000, 18000, 22000, 25500, 68000, 7000, 9500. Yani elfu tisa mia tano ndio imekua siku yangu bora kuliko zote! Nikajua simu imeharibika. Nikajaribu sum, ile ya kujumlisha, ikanitukana kabisa, TypeError, maneno mengi mekundu.

Asubuhi nikamuonesha yule dogo mwanachuo, akacheka. Kumbe input inakuletea maandishi hata kama umeandika namba, na maandishi yanapangwa kama majina kwenye rejista, inaangaliwa herufi ya kwanza kwanza. 9 iko nyuma ya 6, basi 9500 inakaa nyuma ya 68000, haijali una sifuri ngapi. Dawa ni kuizungushia int, x = int(input(...)), hapo inakua namba ya kweli. Nikaona nimemaliza, jioni nikaingiza 22,000 na koma yake kama ilivyo kwenye daftari, ikagoma, ValueError. Nikatoa koma, nikaja kuandika 9500/= kwa mazoea, ikagoma tena na siku zote nilizokwisha ingiza zikaenda na maji. Saivi naweka tarakimu tupu.

Kosa jingine lililonichosha, niliandika mapato = mapato.sort() nikiamini nahifadhi listi iliyopangwa, nikaprint ikaniambia None, yani hakuna. Sort inapanga listi palepale ilipo, hairudishi kitu, kwahiyo mimi nilichukua hicho hakuna nikakiweka juu ya hela zangu. Ukitaka listi mpya na ile ya zamani ibaki unatumia sorted(mapato).

Sasa wastani: sum(mapato) / len(mapato). Jumla 161000, gawa kwa 7, ikatoka 23000.0. Nikafurahi jamani, ishirini na tatu kwa siku, bosi anataka kumi na mbili, si nabaki na kumi na moja? Nilishika simu nimpigie nimwambie nakubali. Nikasema niangalie ile iliyopangwa kwanza.

7000, 9500, 11000, 18000, 22000, 25500, 68000.

Siku tatu za mwanzo hazifiki hata hiyo kumi na mbili, na bado sijaweka mafuta. Zilizovuka ishirini na tatu ni mbili tu, na moja ni ile Jumamosi, jamaa alinikodi Bagamoyo kwenda na kurudi, abiria kama yule simpati kila wiki. Nikaitoa hiyo siku, 93000 gawa kwa 6, ikaja 15500. Ukichukua ya katikati kwenye listi ni mapato[3], sio 4 mana Python inaanza kuhesabu sifuri, hiyo ni 18000. Niliamini hii kuliko ile 23000.

Nikataka kila hela ikae na siku yake, mana ukipanga hujui tena ipi ilikua Alhamisi. Nikaweka mbili mbili, ("Jumatatu", 18000), nikapanga, ikanipa Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumanne... imepanga kwa alfabeti! Nikageuza hela iwe mbele, (18000, "Jumatatu"), ikakaa sawa.

Nikaingiza wiki nne za daftari nikaenda kwa bosi. Kodi sikumuonesha, nilimuonesha listi tu, nikamwambia bosi siku kumi na moja kati ya ishirini na nane sifiki hiyo hela, nitakua nakukwepa tu. Akazungusha zungusha kioo, akauliza hii ya mvua ni kweli, nikamwambia ulinipigia mwenyewe siku hiyo. Tukakubaliana iwe ya wiki, elfu sabini kila Jumapili, na miezi ikaongezwa kidogo.

Kilichobaki ni kwamba nikifunga programu listi inapotea yote, kila Jumapili naingiza upya kutoka kwenye daftari. Dogo anasema inabidi nijifunze kuandika kwenye faili, ila yupo kwenye mitihani, nasubiri amalize.