Malindi hadi Mokowe kwa gari la kulala

Gari letu lilikuwa Hiace iliyofanywa nyumba: kitanda nyuma, friji ya volti 12, tangi la maji la lita 60, mtungi wa gesi wa kilo 6. Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi za lami, na adha kubwa ni matuta. Tangi likijaa, gari huinama nyuma, na bomba la maji machafu ndilo linalogonga kwanza. Tukabeba nusu tangi, lililobaki tukajazia Malindi.

Huko tuliegesha uani mwa nyumba ya wageni. Sola inataka jua, anayelala anataka kivuli, basi paneli tukaitandika juani kwa waya mrefu, gari likakaa chini ya mwarobaini. Mnazi tuliukataa: nazi ikidondoka haibishi hodi. Ulikuwa msimu wa kusi, hivyo mlango wa ubavuni tuliuelekeza kusini upepo uingie.

Friji ndiyo iliyotaka hesabu. Betri ya asidi ya Ah 100 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba) haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo mkononi una 50 tu. Friji yetu huvuta ampea 4 ikizunguka, na kwa joto la Malindi hupumzika kidogo mno. Saa 12 za usiku zinaweza kula 48. Alfajiri betri iko hoi. Tuliingiza vitu vilivyokwisha poa dukani, usiku tukapunguza ubaridi kwa digrii mbili tatu, na asubuhi tukaifuta paneli kwa maji matamu, maana chumvi ya upepo hutanda juu yake kama ukungu. Gesi nayo ni nzito kuliko hewa, ikivuja huzama sakafuni. Kabati la mtungi lazima liwe na tundu chini kabisa, la kutokea nje. Kila baada ya barabara mbovu tulipaka povu la sabuni kwenye maungio. Sabuni ikitoa viputo, gesi inavuja: hakuna kuwasha jiko.

Magofu ya mji wa kale wa Gede, yaliyoingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, tuliyafikia asubuhi mapema. Funga madirisha yote, hata ya juu: kima wa pale wanajua chakula kilipo. Ndani kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399, na nyumba zenye visima na vyoo vyake. Kwa maoni yangu vyoo hivyo vinaeleza maisha ya mji kuliko jumba la mfalme.

Kaskazini ya Malindi, ukivuka daraja la mto Sabaki, Mambrui ina kaburi la nguzo lililopachikwa mabakuli ya kaure ya Kichina. Vichochoro ni mchanga; tuliacha gari kando ya lami, tukatembea.

Kutoka Malindi hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia kisiwa cha Lamu, ni zaidi ya kilomita 200, na hapo mchana ndio sheria. Tulijaza mafuta Malindi, vitambulisho vikakaa mkononi kwa ajili ya vizuizi vya polisi, tukaulizia hali ya barabara kwa madereva wa mabasi kabla ya kuondoka. Si woga: mwishoni mwa 2023 mto Tana ulifurika, maji yakakata njia Lango la Simba, kati ya Minjila na Gamba, magari yakakwama pande zote. Gari refu lenye kitanda haligeuki kirahisi kwenye tuta jembamba la barabara lililozungukwa na maji.

Mokowe ndiko nyumba ya magurudumu inakoachwa. Tulitafuta ua wenye mlinzi, tukafunga valvu ya gesi, tukamwaga tangi, tukaiacha friji wazi isiote ukungu, tukachomoa waya wa hasi wa betri. Mji wa kale wa Lamu ni wa miguu na punda, na mkoba wa mgongoni ndio unaopita vichochoroni. Boti ya abiria husubiri ijae. Ya kukodi, elewana bei na nahodha kabla mzigo haujashuka gatini.