Chuo kimeifunga timu ya ligi: someni mchezo kabla ya kusifu mfumo

Nyinyi wa chuo, ushindi wenu wa 1-0 kwa bao la kona hausemi mengi. Rudieni video, mhesabu mashuti yaliyolenga goli kila dakika 15. Timu ya ligi ikiwa na 9 na nyinyi 2, aliyeshinda ni golikipa wenu.

Kubwa zaidi ni wapi mliupora mpira. Mkiupora ndani ya mita 40 kutoka goli lao, presha ilifanya kazi. Mkiupora kwenye boksi lenu kila mara, viungo walipitwa. Pale uwanja wa Gombani, Pemba, juu ya nyasi bandia, pasi ndefu hudunda na kutoka nje, basi si kila mpira walioupoteza ni sifa ya mabeki wenu (japo watadai). Bao la kona nalo: mfungaji akiwa aliachwa peke yake nguzo ya pili, mechi ijayo atakabwa.