Nyumbani Kwetu Hakuna Plasta

Jana binti yangu kaanguka kwenye changarawe, goti likachubuka. Nikamfunga kwa kipande cha kanga kuukuu. Akauliza, "Mama, kwa nini sisi hatuna plasta kama kwa kina Neema?"

Nikamwambia ni kwa sababu ya mjomba.

Kaka alizaliwa na epidermolisisi bulosa. Mama aliiita ngozi ya kitunguu. Akivua shati kwa haraka, ngozi inaondoka nalo. Vidole vilishikana kwa makovu tangu utotoni, mikono ikabaki ngumi. Vidonda vyake tulivizoea, ndiyo maana kile cha mgongo wa mkono, chenye kingo ngumu, kilikaa tangu tunavuna uwele mpaka mvua za Desemba na hakuna aliyeshtuka. Walipokata kipande kidogo cha nyama kupeleka maabara, jibu likaja saratani. Alikuwa na miaka 27. Daktari alisema kwa wenye ngozi ya namna ile huja mapema hivyo, palepale panapochubuka na kupona na kuchubuka tena.

Asubuhi ya upasuaji nilikuwa kando ya kitanda. Nesi, binti mdogo mwenye mikono mipole, aliweka dripu akaibana kwa plasta, kama alivyofundishwa. Kisha akakumbuka alichoambiwa, akashtuka, akashika ncha ili aitoe.

"Sista, iache," kaka akasema taratibu. "Usiibandue."

Alikuwa ameshavuta. Ngozi ikaja na plasta, nyembamba kama utando wa maziwa yaliyochemka, na chini yake nyama nyekundu ikaanza kung'aa maji. Kaka alifumba macho tu. Aliyelia ni nesi.

Daktari wa usingizi akaja, akalowesha plasta iliyobaki kwa mafuta mpaka ikaachia yenyewe. Dripu wakaifunga kwa bandeji. Chini ya mkanda wa presha wakazungushia pamba nene. Dawa ya kusafishia wakaimimina bila kusugua, na kumhamisha wakambeba kwa shuka watu wanne, bila kumburuta.

Uvimbe ulitoka. Pengo likaachwa lizibe lenyewe chini ya gozi za vaselini, maana kuchuna ngozi ya paja kungeleta kidonda kingine. Lilichukua miezi minne. Mwaka uliofuata saratani ikarudi kwapani, tukamzika.

Nesi yule sina kinyongo naye. Yeye alivuta plasta mara moja. Kidonda kile chenye kingo ngumu nilikiosha mimi, kila asubuhi, miezi sita.